Nilipofika Mji wa Sinema ya Papa

Ni nani kati yetu, akina mama tuliokua miaka ya themanini na tisini, asiyeikumbuka sinema ya papa? Jina lake hasa ni Jaws. Sisi tuliiona Nansio, kwa jirani aliyekuwa na deki na jenereta, watoto zaidi ya ishirini tumebanana mkekani, na muziki ule wa sauti mbili ulipoanza kunguruma hakuna aliyethubutu kwenda msalani peke yake. Ukerewe ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria. Maji yake ni ya ziwa, si ya chumvi, wala papa hayupo. Hata hivyo juma zima baada ya sinema ile tulichota maji tukiwa tumesimama juu ya jiwe, mguu usiguse ziwa.

Sasa, ule mji wa kwenye sinema, unaoitwa Amity, haupo duniani. Uliopo ni Edgartown, mji mdogo katika kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki wa Marekani. Nilifika huko Julai 2025, mwaka ambao sinema hiyo ilitimiza miaka hamsini, nikiwa mgeni wa mdogo wangu anayeishi Lowell. Watu wetu wa Afrika Mashariki ni wengi katika jimbo lile, na wengi wao, kama yeye, wanafanya kazi ya kuuguza na kutunza wazee. Aliponiuliza nataka kuona nini katika siku yake moja ya mapumziko, nadhani alitegemea nitaje maduka. Nikamwambia nataka kuuona mji wa papa. Akacheka, kisha akanyamaza.

"Dada, huko ni mpaka tupande kivuko," akasema.

Nilijua kwa nini amenyamaza. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gati la Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Mama yetu mdogo alikuwa miongoni mwao. Mimi nilikuwapo kwenye maziko. Mdogo wangu alipata habari kwa simu akiwa zamu ya usiku, na hakuweza kuja. Juma lilelile, kabla hatujaanua matanga, alikwenda kumwandikisha mwanawe wa miaka sita darasa la kuogelea. Yeye mwenyewe hajui kuogelea. Tangu siku hiyo amelipa ada ya darasa lile bila kukosa, na tangu siku hiyo hakuwahi kumpeleka mtoto ufukweni hata mara moja. Kijana sasa ana miaka kumi na mitatu, na maji aliyoyajua ni ya bwawa tu, yenye kamba na mwalimu mwenye filimbi.

Tukaenda watatu. Gari huliacha nje ya mji wa Woods Hole, basi likawapeleka gatini, na kutoka hapo ni dakika 45 juu ya maji. Kivuko ni kikubwa, magari na malori yanaingia chini, abiria wanakaa juu kwenye viti vya safu kama kanisani. Mwendo wote mdogo wangu alisimama karibu na kabati la maboya ya kujiokolea, mkono mmoja umelishika begi, mwingine umeshika shati la mwanawe. Mtoto wa miaka kumi na mitatu kushikwa shati mbele za watu! Lakini hakusema kitu, na mimi nilimsifu moyoni kwa hilo.

Kiangazi vivuko vingine hufika mji wa Oak Bluffs, ndiko tulikoshukia, na ninashauri kila mama anayekwenda kisiwa kile aanzie hapo. Nilikwenda kwa ajili ya sinema, nikakuta kitu nisichokitegemea: mkutano wa injili uliogeuka mji. Mwaka 1835 Wamethodisti walianza kukutana kila mwaka chini ya miti ya mialoni kwa ibada za siku kadhaa. Walilala kwenye mahema yaliyopangwa duara kuzunguka mahali pa mhubiri, familia kwa familia, sharika kwa sharika. Sisi tunaozoea mikutano ya turubai tunalijua jambo hilo vizuri. Tofauti ni kwamba wao hawakutaka tena kukunja hema. Kuanzia katikati ya karne ya 19 walianza kujenga vijumba vya mbao palepale mahema yalipokuwa, vyembamba, vya ghorofa moja, vyenye nakshi za mbao kwenye paa na baraza kama pambo la keki ya harusi, kimoja rangi ya waridi, kingine kijani, kingine njano. Viko zaidi ya 300 hata leo. Katikati yake lipo jengo la ibada la chuma, lisilo na kuta, lililojengwa mwaka 1879. Kila Agosti upo usiku mmoja ambapo vijumba vyote hutundikwa fanusi za karatasi. Sisi tulifika mchana wa Julai, tukaona mama mmoja mzee akimwagilia maua yake, tukamwamkia, akatuamkia.

Mji huo una sifa nyingine. Zamani hoteli nyingi za Marekani zilipokuwa zikiwafukuza watu weusi mlangoni, Oak Bluffs palikuwa mahali wanapoweza kupumzika na watoto wao. Mwaka 1912 Charles Shearer, aliyezaliwa mtumwa Virginia, na mkewe Henrietta walifungua nyumba ya wageni iitwayo Shearer Cottage. Kabla ya wageni kulikuwa na dobi: Henrietta aliendesha kazi ya kufua nguo za matajiri waliokuja kiangazi. Watu husimulia habari ya nyumba wakaisahau beseni. Mimi niliipenda hiyo beseni. Nawajua akina mama wengi ambao nyumba zao zimesimama juu ya beseni.

Kutoka hapo tulipanda basi kwenda Edgartown. Barabara inapita katikati ya bahari na bwawa kubwa la maji ya chumvi, ufukwe mrefu upande wa kushoto, na kijana akabandika uso kwenye kioo. Mama yake akatazama mbele.

Edgartown ni mji mweupe. Nyumba ni za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, madirisha yana mbao nyeusi pembeni, uzio mfupi, waridi juu ya uzio. Zilijengwa na manahodha wa meli za kuwinda nyangumi, wakati mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyokuwa yakiwasha taa za Marekani. Safari moja ya nyangumi ilichukua miaka mitatu, hata minne. Basi ukizitazama zile nyumba, wafikirie pia akina mama waliobaki ndani yake, waliozaa na kuachisha ziwa kabla baba hajarudi kumwona mtoto. Kanisa la Wamethodisti la mwaka 1843, lenye nguzo kubwa mbele, linaitwa mpaka leo Kanisa la Wawinda Nyangumi.

Hapo ndipo watu wa sinema walipofika Mei 1974. Mwongozaji alikuwa Steven Spielberg, kijana wa miaka 27, na kitabu walichokifuata kilikuwa cha Peter Benchley. Walipanga kupiga picha kwa siku 55. Zikawa siku 159, mpaka Oktoba. Walikuwa wametengeneza papa wa mashine, na mashine hiyo ilipoingia kwenye maji ya chumvi ikaharibika. Ikitengenezwa leo, kesho inazama. Kwa sababu hiyo Spielberg alilazimika kupiga picha bila papa, akionyesha maji tu, na muziki, na miguu ya watu waogao. Zaidi ya saa nzima inapita kabla mtazamaji hajamwona mnyama vizuri. Kumbe kilichotutisha Nansio ni mashine mbovu!

Na waigizaji? Wakubwa wachache walitoka mbali, lakini wengi wa wale unaowaona wakikimbia ufukweni wakipiga kelele ni wenyeji: wavuvi, wenye maduka, akina mama na watoto wao. Walirudia kuingia majini mara nyingi wakati maji bado ni ya baridi kali. Leo maduka ya Edgartown yanauza fulana za papa, vikombe vya papa, papa wa kitambaa, na mwaka huo wa jubilei papa alikuwa kila dirisha. Bei nisizitaje. Mdogo wangu alinunua maji ya kunywa na akaomba risiti, nadhani awaonyeshe wenzake kazini. Utalii huu una upande wake mchungu: nyumba zimekuwa ghali mno hata wauguzi, walimu na polisi wa kisiwa hicho wanapata taabu ya mahali pa kulala. Wakazi wa mwaka mzima ni kama 20,000, na kiangazi wageni huwazidi mara kadhaa.

Nilichokitaka mimi hasa kilikuwa gatini. Mkono wa bahari umeutenga mji huo na kisiwa kidogo cha Chappaquiddick, na kuvuka ni dakika moja au mbili kwa kivuko kidogo kinachobeba magari matatu. Kama umeiona sinema, umekiona kivuko hicho. Binti mmoja ameuawa majini usiku. Daktari anayechunguza maiti amemwambia mkuu wa polisi kwamba ni papa, na mkuu wa polisi ameandika hivyo kwenye ripoti yake na anataka kufunga fukwe. Ndipo meya anapomfuata, akiwa na daktari yuleyule na mwenye gazeti, wakamzungusha pale kivukoni. Sikukuu ya uhuru, Julai 4, inakaribia. Mji unaishi kwa fedha za wageni wa kiangazi. Neno papa likitajwa, wageni watakwenda mji mwingine. Daktari anageuza kauli mbele ya meya: huenda alikosea, huenda binti alikatwa na pangaboi la boti.

Nilipoitazama utotoni sehemu hiyo ilinipita. Tulikuwa tunamngoja papa. Nilipoirudia nikiwa muuguzi nilisimamisha picha. Sababu ya kifo imebadilishwa juu ya kivuko, kwa mazungumzo ya dakika mbili, na hakuna aliyeiangalia maiti mara ya pili. Na jambo la ajabu ni kwamba aliyeigiza daktari huyo alikuwa daktari wa kweli wa kisiwani.

Siku chache baadaye fukwe ziko wazi, na mtoto wa kiume anamwomba mama yake aingie tena majini kidogo, na godoro lake la upepo la njano. Mama anamruhusu. Papa anamchukua. Watu wanakimbilia nchi kavu, kila mzazi anambeba wake, na mama mmoja mwenye kofia pana anabaki ukingoni akiliita jina la mwanawe, wimbi likimletea kipande cha godoro lililoraruka.

Huyo mama katika sinema anaitwa Bibi Kintner. Baadaye wavuvi wanamkamata papa mwingine, mji unashangilia, meya anacheka, na yeye anatokea gatini katika nguo nyeusi. Anamwendea mkuu wa polisi. Anamfunua shela usoni mwake mwenyewe, anampiga yule bwana kofi, kisha anamwambia kwa sauti ya chini kwamba amesikia: walijua kuna papa, walijua ni hatari, wakawaacha watu waoge. Meya anataka kumtetea mkuu wa polisi. Mkuu wa polisi anasema mama amesema kweli.

Aliyeigiza mama huyo hakutoka Hollywood. Alikuwa Lee Fierro, mkazi wa kisiwani, mwalimu wa uigizaji aliyeendesha kwa miaka mingi kikundi cha maigizo cha hapo na kuwafundisha watoto wa kisiwa. Alipoletewa maneno ya kusema akakuta yamejaa matusi, alikataa. Maneno yakasafishwa ndipo akakubali. Nampongeza, maana mama aliyetoka kuzika hahitaji matusi. Kofi lenyewe lilirudiwa mara nyingi, na alikuwa akipiga kweli, si kwa kuigiza, na aliyepigwa ni Roy Scheider aliyekuwa mkuu wa polisi. Fierro alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 91, kwa ugonjwa wa korona. Watalii wengi waliokuwa gatini siku ile walikuwa wakipiga picha na papa wa plastiki. Mimi ningependa waweke pale hata benchi moja lenye jina lake.

Nieleze kwa nini jambo hili linanikaa kooni. Nilipokuwa muuguzi mchanga, katika mji mmoja wa ziwani ambao sitautaja, wagonjwa walianza kuletwa wakiharisha maji kama ya mchele, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Maabara ikathibitisha siku ya pili kwamba ni kipindupindu. Lakini mji ulikuwa na sherehe kubwa mwisho wa juma, wageni wameshaalikwa, magenge ya chakula yamejipanga, na ikaja kauli kutoka juu kwamba neno kipindupindu lisisikike mpaka sherehe ipite. Tuseme ni kuhara. Siku nne, watu wakanywa juisi ya barabarani na kula maembe yaliyomenywa. Mganga wetu aligomba, akaambiwa anataka kuua biashara za wanyonge. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana biashara zile zilikuwa kweli za wanyonge, na wenye magenge wengi ni akina mama kama sisi, wanaolipa ada ya shule kwa mihogo ya kukaanga.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja na mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa amemzika asubuhi. Nilikuwa nimeishika chupa ya maji ya mshipa, matroni anatafuta mshipa kwenye mguu, na yule mama akauliza, wala si kwa ukali, "Mlijua tangu lini?" Matroni aliendelea kutafuta mshipa. Mshipa ukapatikana, na mtoto yule alipona. Swali halikujibiwa.

Kwa hiyo nilipofika gatini Edgartown nilisimama kitambo. Mdogo wangu alidhani nimechoka na jua.

Hatukuwahi kufika upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye kijiji cha wavuvi cha Menemsha, ambako watu wa sinema walijenga kibanda cha mvuvi mkali aitwaye Quint na kukibomoa walipomaliza. Nilisikitika, na si kwa ajili ya kibanda. Menemsha iko ndani ya mji wa Chilmark, na Chilmark inajulikana kwa jambo ambalo kila muuguzi angependa kulisikia. Katika karne ya 19 uziwi wa kuzaliwa ulirithiwa sana katika familia za huko, hata katika mji huo mtu mmoja kati ya kila 25 alikuwa kiziwi. Wakafanya nini? Wote walijifunza lugha ya ishara, wanaosikia na wasiosikia, dukani, baharini na kanisani. Viziwi waliolewa, walioa, walivua samaki, walishika vyeo vya mji. Kiziwi wa mwisho wa ukoo huo alifariki mwaka 1952. Ninawafikiria watoto ninaowakuta katika ziara za kanisa, wamefungiwa chumba cha nyuma mgeni akipiga hodi.

Saa tisa alasiri tulirudi na basi lilelile, na kijana akabonyeza kengele kabla hatujamwambia. Tukashuka ufukweni. Ni ufukwe wa Joseph Sylvia, na hapo ndipo ilipopigwa ile picha ya mtoto na godoro la njano. Mchanga ni mzuri, maji ni tulivu, kina kinaongezeka polepole, mlinzi wa waogaji amekaa juu ya kiti chake kirefu cheupe.

"Mama mkubwa, mwambie mama," kijana akaninong'oneza.

Nilimwambia. Nilimwambia kama muuguzi, maana kama dada nisingethubutu. Duniani papa huua watu wapatao kumi au pungufu kwa mwaka mzima. Binadamu kwa upande wao huua papa wanaokadiriwa kufika milioni 100, hata Benchley aliyeandika kitabu kile alitumia miaka yake ya mwisho kuwatetea, na Spielberg alisema mwaka 2022 kwamba anajutia madhara yaliyowapata. Si kwamba hatari haipo kabisa. Karibu na hapo, Wellfleet, papa alimuua kijana Septemba 2018, siku chache tu kabla ya msiba wetu wa Ukara. Lakini waliokufa maji ulimwenguni mwaka 2021, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ni takriban 300,000, na wadogo wasiojua kuogelea ndio walio katika hatari kubwa. Hao hawakuhitaji papa. Wengi walizama ziwani, mtoni, kwenye dimbwi la tofali nyuma ya nyumba. Mwanao amefundishwa miaka saba. Mlinzi yuko pale. Bahari imetulia.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini mpaka vifundoni, akamwambia mwanawe: "Nenda. Usipite yule mama mwenye kofia nyekundu."

Akaenda. Tulimwona akipiga mikono kama alivyofundishwa, kichwa kikigeuka kando kuvuta pumzi, akampita yule mama mwenye kofia nyekundu bila kujua, akageuka, akarudi sambamba na ufukwe. Mdogo wangu alimfuata kwa miguu ukingoni, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata mtumbwi. Mara moja alipiga mbizi, tukaona miguu, kisha tukaona maji tu. Mdogo wangu aliita jina lake. Aliita mara mbili, mara ya pili kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto, hata mlinzi akasimama kwenye kiti chake. Kichwa kikatokea hatua kumi mbali, kinacheka, mkono umeshika kome mweusi.

"Nimekuona," mama yake akamwambia. "Nimekuona. Endelea."

Alikaa majini dakika arobaini. Alipotoka midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi, nikamsugua na kitenge changu, akatetemeka na kuongea kwa pamoja, Kiingereza na Kiswahili vikichanganyika.

Mbele kidogo lipo daraja ambalo katika sinema papa hupita chini yake kuingia bwawani. Limewekwa kibao cha kukataza watu kuruka, na vijana wanapanga foleni pembeni ya kibao kuruka. Kijana wetu naye alitaka. Nilikagua: urefu kama mita nne, mkondo una nguvu, na mimi nimewahi kuwageuza kitandani vijana waliotangulia kichwa majini wakavunjika shingo. Mama yake hakuhitaji hotuba yangu. Alisoma kibao, akasema hapana, na hapana hiyo ilikuwa nyepesi, haikuwa na hofu ndani yake. Kijana alinuna kituo kizima cha basi.

Oak Bluffs, tukingoja kivuko, tuliingia kwenye jengo la bembea ya farasi wa mbao, iliyotengenezwa mwaka 1876, inayozunguka hadi leo. Unapozunguka unanyoosha mkono kuchomoa pete za chuma ukutani, na atakayepata ile ya shaba anazungushwa mara nyingine bure. Kijana akasema hayo ni ya watoto, akasimama pembeni mikono kifuani. Mdogo wangu akanunua tiketi tatu. Akapanda farasi mweusi, na viatu vyake vya kazini, suruali bado imekunjwa na mchanga miguuni. Pete ya shaba aliipata yeye.